Jinsi ya kuamua mechi ya kriketi ya mtaani hapa Dodoma, kuanzia kutandika kapeti mpaka kusaini skoo

Kriketi ya Tanzania imepanda sana, vijana wa chini ya miaka 19 (U19) mwaka 2025 walifuzu kwa mara ya kwanza kwenda Kombe la Dunia la 2026 la Zimbabwe na Namibia, na mtu akishaona hivo anataka kucheza. Wachezaji wanapatikana. Shida ni waamuzi, kwa sababu mechi nyingi za kirafiki anayesimamishwa nyuma ya stampu, vile vijiti vitatu vya kila upande wa kapeti, ni yeyote ambaye siku hiyo hachezi, anapewa kofia anaambiwa simama pale. Huu mwongozo ni wa huyo mtu. Sio wa mechi zenye kamera, ni wa ova 15 au 20 (ova moja ni mipira sita halali) kwenye kiwanja cha mpira wa miguu, kapeti la kurushia mpira limetandikwa katikati, vumbi, jua, na mpira ni wa ngozi kama mna bahati au wa tenesi uliozungushiwa tepu.

Mi naamini kabisa kwamba nusu ya uamuzi wa mechi za namna hii inafanyika kabla shilingi haijarushwa. Ugomvi mwingi hautokani na LBW (mpigaji kutolewa kwa sababu mguu au mwili wake umezuia mpira ambao ungepiga stampu), unatokana na vitu ambavyo hakuna aliyeviulizia mapema.

Sheria zenyewe zipo 42, mwenye nazo ni klabu ya MCC ya London, ziliandikwa upya 2017 na kufanyiwa marekebisho makubwa 2022, na zinasomeka bure kwenye tovuti yao. Usijaribu kuzimeza zote wiki moja. Anza na ya 2 inayokuhusu wewe mwenyewe mwamuzi, ya 19 ya baundari (mpaka wa uwanja), 20 ya mpira uliokufa (mchezo umesimama), 21 ya nobo (mpira uliorushwa isivyo halali), 22 ya waidi (mpira uliopita mbali na mpigaji), 31 ya rufaa (wadakaji kumuuliza mwamuzi kama mpigaji katoka), 36 ya LBW na 38 ya ranauti (kutolewa ukiwa nje ya mstari wakati wa kukimbia), halafu za 41 na 42 za nidhamu utakuja kuzihitaji tu. ICC, baraza la kriketi la dunia, nao wana kozi ya awali ya uamuzi mtandaoni, hailipiwi.

Hatua ya kwanza: fika mapema upime uwanja

Sheria inasema dakika 45 kabla, na kwa viwanja vyetu hizo dakika utazitumia zote. Beba tepu ya kupimia au kamba yenye mafundo. Kutoka stampu mpaka stampu ni mita 20.12. Stampu tatu zikisimama upana wake ni sm 22.86 na urefu kutoka chini sm 71.1. Krizi ya mbele, yaani mstari ambao mpigaji anatakiwa awe nyuma yake, iko mita 1.22 mbele ya mstari wa stampu, mistari ya pembeni iko mita 1.32 kila upande ukipima kutoka stampu ya kati. Kama mnacheza ova chache mkataka mstari wa waidi, chora sm 89 kutoka stampu ya kati upande wa ofu (ule mpigaji anaoelekea kifua) na upande wa legi (wa nyuma ya mgongo wake).

Kapeti livutwe mpaka likaze, vigingi vipigwe pembeni pote na sio kwenye kona nne tu, halafu tembea juu yake taratibu na kiatu chako uone kama kuna mahali panainuka, hasa pale mrushaji anapotua mguu wa mbele. Udongo wetu wa kiangazi juu una mchanga mwepesi na chini ni mgumu kama saruji, mrushaji akitua nje ya kapeti anateleza anaumia goti. Kama mistari inaangukia kwenye mchanga, chaki inafutika ndani ya ova mbili tu kwahiyo tumia chokaa ya maji na uichore tena wakati wa kubadilishana zamu. Kama mna uhuru wa kuchagua kapeti lilale vipi basi lilale kaskazini kusini, maana likilala mashariki magharibi ikifika saa kumi na moja jioni mpigaji mmoja anatazama jua usoni na hapo huwezi kumlaumu mtu akipigwa na mpira.

Halafu upepo. Dodoma ya kiangazi mnaijua, vile vijiti viwili vya juu ya stampu, beli, vinaanguka vyenyewe kila dakika na mechi inasimama. Wengi hawajui kwamba sheria inawaruhusu waamuzi wakikubaliana kuviondoa kabisa, ila ukiviondoa upande mmoja uondoe na upande wa pili. Hapo inabaki kwako kuamua kama mpira umegusa stampu, kwahiyo waambie makepteni mapema kwamba leo hakuna beli na neno la mwamuzi ndo linatumika. Usisubiri beli zianguke mara kumi ndo uanze kikao.

Mfukoni weka mawe madogo sita au sarafu sita. Kila mpira halali ukirushwa unahamisha moja kwenda mfuko wa pili. Waidi na nobo hazihamishi jiwe. Usitegemee kichwa, jua la saa nane halikuachi uhesabu vizuri, na ukikosea hesabu sheria inasema ova inabaki vile ulivyoihesabu wewe, hairudiwi. Mavazi: kama mpira ni mweupe vaa juu rangi iliyoiva, kama ni mwekundu vaa nyepesi, sababu mpigaji anauona mpira ukitokea mbele ya mwili wako.

Hatua ya pili: kikao na makepteni kabla ya shilingi

Hapa usiwe na haraka. Waite makepteni wote wawili pamoja na mwamuzi mwenzako, mzunguke uwanja kwa miguu, msionyeshane kwa mbali kwa kidole. Mpaka uko wapi? Kama mnatumia koni au chupa, mpaka ni mstari ulionyooka kutoka koni moja mpaka nyingine hata kama haujachorwa, na mdakaji akidaka huku mguu unagusa huo mstari au uko nje yake, hiyo ni sita, yaani mikimbio (pointi) sita, na sio auti, mpigaji hajatoka.

Magoli ya mpira wa miguu ndo mtihani wetu mkubwa. Kama goli liko ndani ya mpaka na hamkusema lolote kabla ya shilingi, basi sio baundari, mpira ukigonga mwamba ukarudi ndani mchezo unaendelea. Hivohivo na mti. Kama mnataka mwarobaini wa pale kona uhesabike nne, semeni kabla ya shilingi, baada ya hapo mlango umefungwa hata kama wote mnaona ingekuwa haki.

Mbuzi na ng'ombe wanaokatiza, ongeeni pia. Tangu 2022 sheria iko wazi, mnyama au mtu au kitu chochote kilichoingia ndani kikaharibu nafasi ya timu moja, mwamuzi anaita mpira umekufa. Ila mbuzi kupita tu mbali na mpira haisimamishi kitu. Mpira ukiingia kwenye miba ndani ya mpaka na haupatikani, unaita umekufa, mikimbio iliyokamilika inabaki, na mnaleta mpira mwingine uliochakaa kiasi kilekile. Sio mpya kutoka kwenye boksi.

Mengine ya kukubaliana ni ova ngapi kila timu, mrushaji mmoja mwisho ova ngapi, kuna frihiti au hakuna (frihiti, mpira wa baada ya nobo ambao mpigaji hatolewi kirahisi, haimo kwenye zile sheria 42, ni kanuni ya mashindano ya ova chache), waidi ya upande wa legi itakazwa kiasi gani, na saa ya nani inatumika. Na hili la mpigaji wa pili, yule aliye upande wa mrushaji, kuondoka kwenye krizi kabla mpira haujatoka mkononi. Mrushaji akimtoa hapo ni ranauti halali, 2022 waliihamisha kutoka kwenye sheria ya mchezo usio wa haki wakaiweka kwenye sheria ya ranauti ya kawaida, na hakuna onyo linalotakiwa kwanza. Mitaani watu wanakunjana mashati kwa hili. Wewe litaje kwenye kikao, kwa sauti, kepteni akawaambie watu wake, likitokea hakuna atakayesema kaonewa.

Hatua ya tatu: simama vizuri

Mwamuzi wa upande wa mrushaji anasimama nyuma ya stampu umbali ambao kwa mtazamo mmoja unaona mguu wa mrushaji na mpigaji kule mbele, bila kugeuza shingo. Ukisogea mno mbele mguu unaukosa, ukirudi nyuma mno LBW inakuwa ya kubahatisha. Tulia, usitingishike mrushaji akiwa anakimbia.

Mwamuzi wa pili anasimama skwea legi, yaani pembeni upande wa legi wa mpigaji, sawasawa na krizi ya mbele ya mpigaji, mita kama 20 hivi. Kama jua linampiga usoni anaweza kuvuka upande wa pili, ila amwambie kepteni wa wanaodaka, mpigaji na mwamuzi mwenzake. Kwenye mechi nyingi huyu wa pili ni mchezaji wa timu inayopiga. Sawa, ila mpe mipaka: aangalie ranauti na stampingi (kipa kuangusha stampu mpigaji akiwa nje ya krizi) za upande wake, akusaidie mpira uliopita juu ya kiuno, na akuonyeshe vidole viwili ikibaki mipira miwili. Mambo mengine yote ni yako.

Hatua ya nne: macho yafuate mpangilio uleule kila mpira

Hii ndo kazi yenyewe. Mguu, mpira, mpigaji, basi. Mguu wa mbele lazima sehemu yake yoyote, hata kama kisigino kiko hewani, iwe nyuma ya krizi ya mbele unapotua. Mguu wa nyuma usiguse mstari wa pembeni. Usiite nobo kwa kubahatisha kwa sababu mtu kapiga kelele. Ukiiona, ita papo hapo kwa sauti kubwa "NOBO!" huku mkono mmoja umenyooka pembeni, mpigaji akusikie kabla hajapiga.

Nobo nyingine ni mpira uliokuja bila kudunda juu ya kiuno cha mpigaji aliyesimama wima, uliopita juu ya kichwa chake, au uliodunda zaidi ya mara moja kabla ya kufika krizi ya mpigaji. Hii ya mwisho kwenye kapeti lililokunjamana inatokea sana.

Waidi usiiite mapema. Subiri mpira umpite mpigaji kabisa. Swali ni moja, angeweza kuufikia kwa pigo la kawaida pale alipo, na pia kama angesimama pale anaposimama siku zote? Akisogea mwenyewe akaufikia, sio waidi. Ukigusa bati (gongo la mpigaji) au mwili, sio waidi hata kama ulikuwa mbali kiasi gani. Na kumbuka kwenye waidi mtu anaweza kutoka kwa stampingi, ranauti au kuangusha wiketi (stampu) yake mwenyewe, wakati kwenye nobo stampingi haipo.

LBW

Hakuna uamuzi unaopigiwa kelele kama huu, na hakuna unaoamuliwa vibaya kama huu, kwa sababu watu wanaangalia pedi (kinga za miguu) tu. Jiulize kwa mpangilio, na jibu la kwanza likikataa unaacha hapohapo. Ilikuwa nobo? Mpira ulidundia nje ya stampu ya legi? Ukidundia huko imeisha, hajatoka, hata kama ungeng'oa stampu zote tatu. Uligusa bati kwanza? Ulimgonga akiwa kwenye mstari kati ya stampu na stampu? Kama ulimgonga nje ya ofu, je alijaribu kweli kuupiga? Akijaribu, hajatoka. Akiacha tu bati nyuma ya pedi makusudi, unaendelea na swali la mwisho: ungeenda kupiga stampu?

Swali la mwisho ndo gumu na hapa kapeti linabadilisha kila kitu. Kapeti juu ya udongo mgumu linarusha mpira juu kuliko nyasi. Stampu ni sm 71 tu, ndo kusema inafika kwenye paja la mtu mzima. Mpira uliodunda katikati ya kapeti ukamgonga juu ya goti ukiwa bado unapanda, mara nyingi unapita juu. Angalia alivyosimama pia, amebaki nyuma kwenye krizi au amenyoosha mguu mbele hatua kubwa? Akiwa mbele mpira bado una safari ndefu na unaendelea kupanda, na huna njia ya kujua kwa hakika utaishia wapi, kwahiyo hajatoka.

Halafu pembe. Mrushaji wa mkono wa kulia akirusha akiwa upande wa kushoto wa stampu zako, kwa mpigaji wa kulia mpira unaingia ndani kutoka ofu kwenda legi. Unaweza kumgonga kwenye mstari kabisa na bado ungepita nje ya stampu ya legi. Wageni wa kazi hii wanatoa auti nyingi sana za namna hiyo. Unapoona mpira umemgonga mbele ya stampu ya legi kwa pembe hiyo, karibu kila mara unapita.

Usijibu haraka. Vuta pumzi, rudisha picha kichwani, ndo uinue kidole au useme "hajatoka" kwa sauti inayosikika mpaka kwa kipa. Kunyamaza kunaleta maneno. Shaka yoyote ni ya mpigaji.

Na ukumbuke, bila rufaa hakuna auti. Wasipouliza "hauzat" unanyamaza hata kama umeona wazi. Wana muda mpaka mrushaji aanze kukimbia kwa mpira unaofuata. Kinyume chake nacho, mpigaji akidhani katoka akaanza kuondoka na hajatoka, ni wajibu wako kumrudisha.

Kudakwa na ranauti

Mpira uliopita karibu na bati ukadakwa na kipa, masikio yasikutawale. Upepo unapiga kofia, bati linakwaruza kapeti, pedi zinagongana. Angalia kama mpira umebadili njia. Sauti ikiwepo na mpira ukabadili njia palepale unapopita bati, auti. Sauti peke yake haitoshi kwangu. Kama mdakaji kadaka chini sana na hujui kama uligusa ardhi, muulize mwenzako wa skwea legi kabla hujaamua, hakuna aibu hapo na sheria yenyewe inataka mshauriane.

Ranauti ni miguu yako. Mpira ukipigwa toka mbio kwenda upande uleule ulikopigwa, simama sawasawa na krizi ya mbele ili uone mstari kwa ubavu, tulia kabisa wakati mpira unaingia. Mtu anayekimbia haoni vizuri. Bati au mwili lazima uguse ardhi nyuma ya mstari, mstari wenyewe ni wa wadakaji, ukiwa juu ya mstari umetoka. Ila aliyekimbia akagusa chini ndani halafu bati likaruka juu wakati anaendelea mbele, huyo hajatoka tena, ilibadilishwa 2017 na bado nasikia watu wanabishana.

Ishara

Ishara sio mbwembwe, ni mawasiliano na skora, mwandishi wa mikimbio, aliyekaa kivulini mita 70 huko. Nne unapunga mkono kushoto kulia ukiishia kifuani, sita mikono yote juu, waidi mikono yote imenyooka pembeni, bai (mikimbio bila mpira kugusa bati wala mwili) mkono mmoja juu kiganja wazi, legibai (mpira umegusa mwili tu) unagusa goti uliloinua, mpira uliokufa unapishanisha mikono chini ya kiuno, mkimbio mfupi (mpigaji hakufika krizi kabla ya kugeuka) unagusa bega. Ukitaka kufuta ishara uliyotoa gusa mabega yote mawili, mikono imepishana. Ikiwa ni nobo iliyopigwa nne, rudia nobo mpira ukishakufa halafu onyesha nne. Na usiruhusu mpira unaofuata mpaka skora akupungie kwamba kaona. Hili watu wanaliruka sana halafu mwisho wa mechi vitabu viwili vina majibu mawili.

Watu

Anayezungumza na wewe kuhusu maamuzi ni kepteni. Wengine wakija, sema "kaka, mwite kepteni wako" na uendelee na kazi. Akija kepteni akauliza kwa heshima, mjibu kwa kifupi mwisho wa ova: "Kepteni, ilidundia nje ya legi." Basi, usianze kujadili. Hata kama mchezaji ni mwalimu wako au mzee unayemwamkia shikamoo kila asubuhi, ndani ya mpaka ni mchezaji, na baada ya mechi utamsalimia kama kawaida.

Akivuka mipaka sheria ya 42 ina ngazi nne. Kosa dogo kama kuonyesha hasira kwa uamuzi, mara ya kwanza onyo kwa kepteni, likirudiwa na timu hiyo mikimbio mitano kwa wapinzani. Ngazi ya pili ni mitano moja kwa moja. Ya tatu mchezaji anatolewa kwa ova kadhaa, na ya nne, kama kumpiga mtu au kumtishia mwamuzi kipigo, anaondoka kabisa. Yaani unayo nguvu ya kisheria, huhitaji kupandisha sauti.

Jua na mwisho wa mechi

Ova 20 kwa 20 zinakula kama saa tatu, zetu zinazidi kwa sababu ya kutafuta mipira. Huku jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro, kwahiyo kuanza saa tisa na nusu alasiri na ova 20 ni kujitafutia giza, punguzeni ziwe 15 au anzeni asubuhi saa tatu. Mwanga ukianza kuwa hatari mnaamua waamuzi wawili pamoja, sio timu inayoelekea kushindwa. Weka mapumziko ya maji katikati ya kila zamu, na wewe unywe, mwamuzi anasimama zamu zote mbili bila kupumzika.

Mpira wa mwisho ukirushwa, ng'oa beli, sema muda umeisha, nenda moja kwa moja kwa skora kabla ya kupeana mikono na mtu. Linganisheni vitabu ova kwa ova kama vinatofautiana, thibitisheni jumla na idadi ya wiketi (wapigaji waliotoka), makepteni wote wawili na waamuzi wasaini, halafu karatasi ipigwe picha itumwe kwenye grupu jioni hiyohiyo, na kapeti likunjwe likiwa limekung'utwa vumbi.